Siku tano za mwisho wa Shaaban

Shaaban 25. Feri na Jumba la Makumbusho

Nimeamka kabla ya adhana nikamkuta mama ameshaamka zamani, amekaa barazani na kanga yake mabegani. Akaniuliza swali ambalo huniuliza kila alfajiri kwa miezi mitano sasa: "Lakini kwa nini, mwanangu?"

Mdogo wangu alikuwa na miaka 24. Alikula wali na samaki, akatania watu, akaingia kulala, hakuamka. Hospitali walimpima kila walichoweza kupima. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukesha, alituketisha kwenye benchi, akavua miwani, akasema: "Mama, nimetafuta. Sababu sijaiona. Sijui." Wakati ule neno lile lilinikata. Siku hizi naona ndilo neno la heshima kuliko yote niliyoyasikia kwenye msiba ule, maana waliokuja baadaye wote walikuwa wanajua. Mmoja alijua kwamba kachezewa. Mwingine alijua ni jicho. Mwingine, na huyu alivaa kanzu safi, alijua kwamba ni swala alizoziacha. Mganga mmoja alijua kila kitu kabla hata hatujamaliza kumweleza, akataka mbuzi mweusi na laki mbili.

Nimechukua likizo ya siku tano. Sina nauli ya kwenda mbali, na mbali sikutaki. Nataka kuzunguka jiji hili la Dar es Salaam nililozaliwa, niende kwenye vitu vilivyowashinda watu kuvieleza, nione wanaoishi navyo wanaishije. Nitaandika kila usiku kabla ya kulala.

Nimeanzia Feri. Saa kumi na mbili na nusu soko limechemka, mnada unapigwa kwa sauti zinazogongana, maji ya barafu yanatiririka hadi kwenye viatu. Bahari ilikuwa ya maji mafu. Mwezi umebaki ukucha, maji hayajai sana wala hayakupwi sana, na wavuvi walinung'unika kwamba samaki wamelala. Nikamuuliza mzee mmoja anayekwangua magamba kama amewahi kumwona silikanti. Akacheka. "Huyo wa Tanga huyo. Wa huku hajapanda."

Habari za samaki huyu nimezipenda tangu shule. Wataalamu walimjua kwenye mawe tu, mifupa yake imegeuka jiwe, wakaandika kwamba alitoweka pamoja na madainosari, miaka milioni 66 iliyopita. Halafu Desemba 1938, Afrika Kusini, meli ya uvuvi ikamleta mmoja bandarini, na bibi mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, akamwona kwenye rundo la samaki akajua kwamba huyu si wa kawaida. Kwetu Tanzania amevuliwa kuanzia mwaka 2003, kwanza kule Songo Mnara, Kilwa, kisha wengi Tanga, wakinasa kwenye majarife ya papa yaliyozamishwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 akatengewa hifadhi yake ya bahari huko Tanga. Lakini kinachonigusa zaidi ni hiki: wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua siku zote. Walikuwa na jina lake, gombessa, na walijua kwamba nyama yake haina ladha. Kwa hiyo hakuwa amepotea. Alikuwa chini, gizani, mita mia na zaidi, anaendelea na maisha yake, na vitabu viko juu vinamhesabu miongoni mwa wafu.

Mchana nikapanda kwa miguu hadi Jumba la Makumbusho ya Taifa, nikasimama mbele ya fuvu la Zinjanthropus. Mary Leakey aliliona Oldupai tarehe 17 Julai 1959. Mwanzoni lilikadiriwa kuwa na miaka laki sita hivi, na mwaka 1961, vipimo vya mawe ya volkano vikatoa miaka milioni 1.75. Mwanzoni lilidhaniwa la babu yetu, na leo wanasema ni wa tawi la pembeni lililokatika. Jina limebadilishwa, umri umebadilishwa, ukoo umebadilishwa. Fuvu ni lile lile, na meno yake makubwa ya kusagia, na matundu mawili ya macho yanayokutazama bila kusema kitu.

Nisieleweke vibaya. Sisifii kutojua. Bibi yule wa makumbusho angesema "samaki ni samaki" akapita, tusingejua lolote hadi leo. Daktari wetu asingepima, "sijui" yake ingekuwa uvivu. Ninayoitafuta ni ile "sijui" ya mtu aliyekwisha kutoka jasho.

Shaaban 26. Kunduchi

Daladala hadi Mtongani, kisha bodaboda hadi kwenye magofu. Jua kali la kaskazi, hewa nzito kama blanketi lililoloa.

Msikiti wa Kunduchi unahesabiwa kuwa wa karne ya 16. Paa halipo, kuta zimebaki nusu, mawe ya matumbawe yameshikwa kwa chokaa, na mibuyu imesimama pembeni kama wazee waliochelewa swala. Makaburi yanayouzunguka ni ya baadaye kidogo, mengine ya karne ya 18, yana minara iliyopambwa kwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Au yalikuwa nayo. Mengi yamekwanyuliwa. Kilichobaki ni mashimo ya mviringo, laini, yenye kina cha kiganja.

Nimekaa muda mrefu mbele ya shimo moja. Nikaingiza vidole. Ndani kuna alama ya chini ya bakuli, duara ndogo ndani ya duara kubwa, imekaa kwenye chokaa vile vile fundi alivyoibonyeza ikiwa mbichi. Kwenye ukingo kuna kipande cha kaure kisichozidi ukucha wa kidole gumba, cheupe chenye mstari wa buluu. Mstari ule ulikuwa sehemu ya nini? Ua? Mkia wa ndege? Mchoraji alikaa Uchina, hakuwahi kuuona mbuyu. Marehemu alilala hapa, hakuwahi kuiona Uchina. Katikati yao ni bahari yote hii, pepo za kaskazi na kusi, na mabaharia ambao hakuna aliyeandika majina yao. Nikaona kwamba naweza kulipenda lile bakuli bila kuliona. Shimo lenyewe lilinitosha.

Ndani ya msikiti nikasimama kwenye mihrabu, nikasali rakaa mbili, nikamkumbuka ustadhi wetu wa madrasa. Alikuwa akitusimulia habari za Imam Malik wa Madina, kwamba siku moja aliletewa maswali 48, akajibu machache, na kwa maswali 32 akasema "sijui". Inasimuliwa hivyo. Sisi watoto tulicheka, tukaona imamu gani huyu. Ustadhi alitusubiri tumalize kucheka, akasema: "Nyinyi mngejibu yote 48."

Kila mwanachuoni wa kweli niliyemsikiliza humaliza fatwa yake kwa maneno yale yale: na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Nilidhani ni muhuri tu wa kufungia barua. Leo, pale kwenye mihrabu iliyobomoka, nimefikiri kwamba pengine ndiyo sehemu nzito kuliko yote. Mtu amesoma miaka arobaini, amepanga hoja zake, halafu mwishoni anafungua mlango na kuuacha wazi.

Aliyesema mdogo wangu amekufa kwa swala alizoziacha hakuuacha mlango wazi.

Shaaban 27. Pugu

Leo sikwenda peke yangu. Mama jirani, tunayeishi naye ukuta kwa ukuta, alikuwa anakwenda kuhiji Pugu, akaniambia nimsindikize. Ni Mkatoliki wa siku zote, anaamka kwa kengele kama sisi tunavyoamka kwa adhana. Nina deni kwake. Siku ya msiba alikuja na ndoo mbili za maji, akaenda jikoni moja kwa moja, akaosha sufuria hadi usiku. Neno la kueleza hakulisema hata moja.

Foleni hadi Gongo la Mboto, sina haja ya kueleza. Kutoka hapo hadi Pugu hewa inabadilika, inakuwa na ubaridi kidogo, na barabara inaanza kupanda. Wamisionari Wabenediktini walifika hapa mwaka 1888, na Januari mwaka uliofuata misheni yao ikachomwa katika vita vya Abushiri. Leo watu wanapanda kusali.

Wakati yeye anasali, mimi nikachukua njia ya msituni pamoja na kijana mwenyeji. Msitu wa Pugu ulitangazwa kuwa hifadhi, na ni kipande cha misitu ya pwani ya kale sana, iliyobaki vipande vipande kama kanga iliyochanika. Kuna mti mdogo ambao hata wataalamu wameupa jina la hapa, Baphia puguensis. Jiji lenye mamilioni ya watu liko chini ya kilima, na juu yake kuna mti unaobeba jina la kilima hiki. Na huku unakatwa kwa mkaa. Nimeviona visiki vibichi, na tanuri moja la udongo lilikuwa bado linatoa moshi. Moyo uliniuma. Tunachoma tusichokijua ili tuchemshe maharage.

Ndani kabisa kuna ndege alikuwa analia. Sauti tatu, ya tatu ikiwa chini kuliko zote, kisha kimya, kisha tena tatu. Nikasimama. Yuko hatua tano tu kutoka kwangu, ndani ya kichaka kilichofumana. Nikasogea, akanyamaza. Nikarudi nyuma, akaanza. Nikachuchumaa pengine robo saa, mbu wananila, sikumwona hata unyoya. Kijana wa watu akaniambia kwa upole: "Dada, huyu huwa haonekani. Wewe msikilize tu." Nikamsikiliza.

Wakati wa kurudi tulikaa kwenye benchi na mama jirani, tukala mihogo ya kuchemsha aliyoifunga kwenye mfuko. Nikamuuliza kuhusu neno ambalo nimelisikia likitoka kanisani kwao tangu utotoni, kupitia dirisha letu. Padri anasema "Fumbo la imani", na watu wote wanaitikia. Fumbo, kwetu sisi Waswahili, ni kitu cha kufumbuliwa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Babu anakufumba, unakuna kichwa, unapata jibu, unashinda. Je, lao nalo limeganguliwa?

Akatafuna kidogo. "Mwanangu, lile haliganguliwi. Unaliingia. Kama unavyoingia nyumbani usiku umeme umekatika. Huoni kitu, lakini unajua mlango uko wapi, kiti kiko wapi, na nani amelala chumba gani. Huogopi, kwa sababu ni nyumbani."

Mimi na yeye hatuamini sawa, na leo hatukujaribu kusawazisha. Lakini njia nzima nimekuwa nikiligeuzageuza lile neno. Fumba. Tunafumba macho, tunafumba kiganja. Mdogo wangu akiwa mtoto alikuwa akificha karanga kwenye kiganja, anakunyooshea ngumi mbili: iko wapi? Ukimfumbua kwa nguvu alikuwa analia. Ukibahatisha ukakosea, alikuwa akikufungulia mwenyewe, anacheka, anakupa ile karanga.

Shaaban 28. Kigamboni

Nimevuka kwa pantoni. Daraja lipo tangu 2016, lakini kwa shangazi siwezi kwenda bila kupita juu ya maji. Yeye ni dada wa marehemu baba, anakaa Mjimwema, na nilipompa shikamoo aliishika mikono yangu muda mrefu kabla ya kusema marahaba.

Usiku hakukuwa na mwezi. Mwanawe akatushusha ufukweni, akatupakia kwenye ngalawa, tukatoka kidogo hadi taa za nyumba zikawa punje. Kisha akasema: "Tia mkono."

Nikatia mkono ndani ya maji, na maji yakawaka. Cheche za kibuluu zikafuata vidole vyangu kama mkia, zikazimika. Nikatia tena, zikawaka tena. Kila kafi lilipoingia lilitengeneza ua la mwanga, na nyuma ya ngalawa ukabaki mstari uliokuwa ukififia taratibu. Samaki mdogo alipita chini yetu. Yeye mwenyewe hatukumwona. Tuliona njia yake tu, uzi wa moto uliopinda mara mbili ukatoweka.

Naijua sababu yake, nimeisoma. Ni viumbe vya seli moja, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na vikitikiswa kemikali zilizomo ndani yao zinakutana, mwanga unatoka. Wanasayansi wanaona huenda mwanga ule unamshtua anayetaka kuvila, au unamtangaza kwa mkubwa zaidi aje amle yeye. Nikamweleza shangazi yote hayo palepale. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali mazuri, akatia mkono wake tena, akasema: "Subhanallah." Maelezo yangu hayakuzima cheche hata moja. Nilikuwa nahofia sana jambo hili bila kujitambua, kwamba kinachojulikana kinakufa, na kwamba nikitaka kubaki na Mungu inabidi nibaki na giza. Sivyo. Nilijua, na bado nywele za mkono zilinisimama.

Mbingu ilikuwa wazi. Shangazi akaninyooshea Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, upande wa kaskazini-magharibi. Akanisomea maneno ya wazee: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Masika yakifika kitazama, hakitaonekana kwa majuma, kitakuwa kimejificha nyuma ya jua. Halafu alfajiri moja ya kipupwe kitazuka mashariki.

"Na huko kinakokwenda shangazi, wazee walisema ni wapi?"

"Hawakusema. Walipanda mpunga."

Ndipo akanyamaza, na nikajua ni nini kinakuja. Akasema kwamba baba yangu alipotoka na dau mwaka ule asirudi, bibi alikaa ufukweni pale siku arobaini. Watu walikuja na maneno yao, ya majini, ya chunusi, ya wivu wa wenzake. Bibi hakubishana nao. Alikuwa akiwaambia: "Bahari haikuniambia, nyinyi imewaambia lini?" Akawapa chai.

Shaaban 29. Mwambani, kisha jioni

Bamvua limeanza. Saa nne asubuhi maji yamekupwa hadi mbali, mwamba uko nje, na akina mama wameshatoka na vijiti vyao vya chuma na ndoo. Nikamfuata shangazi, viatu vya plastiki mguuni kwa ajili ya miiba ya mwambani.

Kumtafuta pweza ni kusoma. Shimo la kawaida ni shimo. Shimo lenye vipande vya kome na magamba ya kaa mlangoni, yaliyotupwa kama sahani baada ya karamu, lina mwenyewe. Shangazi alipata wawili, mmoja mkubwa. Kwenye shimo la tatu aliinama, akachungulia kwa muda, akaniita. Ndani kabisa, nyuma ya mikono iliyojikunja, kulikuwa na kitu kama punje za mchele zilizotungwa kwenye nyuzi, zinaning'inia darini. Mayai. Jicho la pweza lilikuwa linatutazama, lile jicho lenye mstari wa kulala.

"Huyu tumwache," akasema. Pweza jike akishataga hali tena. Anayapepea mayai maji safi hadi yaanguliwe, kisha anakufa. Nikauliza kama anajua kwamba atakufa. Shangazi akachukua ndoo yake. "Sijui, mwanangu. Twende, maji yanarudi."

Jioni tukaenda upande wa kivukoni kutazama mwezi wa Ramadhani. Ukiwa mjini, bahari iko mashariki, na mwezi mwandamo huonekana magharibi jua likishatua, kwa hiyo wanaousaka kutoka Kigamboni hutazama juu ya maghorofa ya jiji. Tulikuwa watu kama arobaini: wazee wenye kofia, vijana, watoto wamebebwa mabegani. Kijana mmoja alikuwa na programu kwenye simu inayoonyesha mwezi ulipo. Aliielekeza angani, akatangaza: uko pale, juu kidogo ya lile ghorofa, kushoto. Wote tukatazama pale.

Pale palikuwa na wingu. Si kubwa. Jeusi chini, juu lina ukingo wa dhahabu, limelala kando kando ya jiji lote kama godoro.

Mzee mmoja akamsifu kijana kwa simu yake, na alikuwa anamaanisha. Akamwambia: "Mahali umeshatuonyesha, Mungu akubariki. Lakini sisi tumeambiwa tufunge kwa kuuona, na likitufunika wingu tukamilishe thelathini." Nimeyasikia maneno yale tangu utotoni. Leo ndiyo siku ya kwanza yameniingia. Wingu limewekewa hukumu. Dini yangu haikuja na mbingu safi tu. Iliwafikiria watu waliosimama ufukweni wanaotazama mahali hasa panapotakiwa, kwa macho mazima na nia njema, wasione kitu. Haikuwaambia wamekosea, wala haikuwaambia wajifanye wameona. Imewapa siku moja ya kungoja, na siku ile nayo ni ya ibada.

Tulikaa hadi Magharibi ikaadhiniwa. Tukaswali pale pale mchangani, kibla chetu kaskazini, mwezi kushoto kwetu nyuma ya godoro lake.

Simu yangu ikalia nilipokuwa najikung'uta mchanga. Mama.

"Umeonekana?"

"Sisi hatujauona, mama. Kuna wingu. Tunasubiri tangazo."

Akanyamaza. Nikasikia jirani anagonga sufuria upande wa pili wa ukuta wetu. Nikajiandaa kwa lile swali.

"Haya," akasema. "Wakisema bado, kesho tule mchana. Shangazi yako amepata pweza?"

"Wawili."

"Mkubwa usimkaushe. Niletee nimpike na nazi."